Vitoto vya paka visivyo na mama: kushikwa mapema kunavipoza au kunaviharibu?

#1 KapuLaPamba
Wakuu, habari za usiku. Nina vitoto vitatu vya paka, mama hayupo tena. Macho yamefunguka nusu, nakadiria siku 9 au 10. Uzito wa leo asubuhi ni gramu 212, 198 na 164. Vinapata maziwa ya unga ya watoto wa paka, vimelala kwenye boksi lenye chupa ya maji ya moto.

Nasikia kauli mbili zinazogongana. Ya kwanza: paka wa chupa akikua huwa mng'ataji na havumilii kushikwa. Ya pili: paka wa chupa ndiye mpole kuliko wote, maana amezoea mkono wa mtu tangu hajafungua macho. Ipi ya kweli? Na kama ni ile ya kwanza, kinachomharibu ni nini hasa, nikiepuke tangu sasa?

#2 NyauNyau
Naweka kambi hapa. Ngoja waje wenye uzi wao.

#3 Makucha
Mleta uzi, ya kwanza ndiyo kweli, na sababu ni moja: kushikwashikwa kupita kiasi. Kitoto cha siku 10 hakioni wala hakisikii, kumbembeleza ni kujifurahisha wewe. Kiache kilale, kishike wakati wa kula tu. Dirisha la kuzoea watu hufunga wiki ya 12, muda bado mwingi mno.

#4 Bi Mkunga
Makucha, hapo kuna mawili ya kurekebisha.

Wiki 12 ni hesabu ya mbwa. Eileen Karsh wa Chuo Kikuu cha Temple, Philadelphia, alilifanyia kazi jambo hili miaka ya 1980: kwa paka kipindi chenye nguvu ni wiki ya 2 hadi ya 7. Baada ya hapo anafundishika, ila kwa kazi kubwa zaidi. Vitoto vya mleta uzi vina siku 10, kwa hiyo mlango unafunguliwa wiki hii hii.

Pili, macho na masikio ni kweli vimechelewa, lakini pua na ngozi vinafanya kazi tangu siku ya kuzaliwa. Ndiyo maana kila kitoto hutafuta chuchu ileile kwa harufu. Mwaka 1961 mtafiti Meier alivishika vitoto vya paka wa aina ya Siamese dakika chache kila siku kwa mwezi wa kwanza. Vilifungua macho mapema na kutoka kwenye kisanduku mapema kuliko ndugu zao ambao hawakushikwa. Kushikwa wakati wa upofu kunafanya kazi.

Ninachokubaliana nawe ni usingizi. Wiki ya kwanza kitoto hulala karibu siku nzima, na kila dakika nje ya joto inamgharimu. Kwa hiyo kishikwe, lakini kwa muda mfupi na kikiwa na joto.

#5 Mzee wa Mizani
Kabla hamjafika kwenye tabia, mleta uzi amesema gramu 164 na wote mmepita. Kitoto huzaliwa na gramu 80 hadi 120 na hupanda gramu 10 hadi 15 kwa siku. Siku ya 10 tunatarajia karibu 200. Huyo mdogo yuko nyuma. Jana alikuwa ngapi? Namba ya leo peke yake haisemi kitu, ni ile tofauti ya jana na leo.

Pima kila siku saa ileile, kabla ya chupa, kwa mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Weka bakuli lenye kitambaa, rudisha mizani kwenye sifuri, kisha mweke. Siku moja asipopanda, angalia kwa makini. Siku ya pili asipopanda, au akipungua hata kidogo, ni daktari.

#6 Sharubu
Mzee wa Mizani, shikamoo. Hata uzi ungekuwa wa kuchagua rangi ya blanketi ungeuliza gramu.

#7 Mzee wa Mizani
Marahaba Sharubu. Ningeuliza, kwa sababu mara nyingi kitoto huanza kupungua uzito kabla hakijaonyesha dalili nyingine yoyote.

#8 KapuLaPamba
Mzee, jana 161. Nampa kila anapolia, mililita 3 au 4, kila saa 3. Kuna mtu kanishauri nimlaze chali kama mtoto mchanga ili anyonye kwa utulivu. Na maziwa ya unga yakiisha niongeze ya ng'ombe yenye kiini cha yai?

#9 Bi Mkunga
USIMLAZE CHALI. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu hili linaua. Akiwa chali maziwa yanaingia kwenye mapafu, na ndani ya siku moja au mbili unazika kwa nimonia. Analala kifudifudi, tumbo kwenye taulo, kichwa kimenyooka usawa au kimeinuka kidogo tu, kama anavyokaa akinyonya kwa mama. Miguu ya mbele iwe na kitu cha kukanda. Taulo iliyokunjwa inatosha.

Chuchu: pindua chupa. Maziwa yadondoke tone, yasimame, yadondoke tena. Yakimiminika, tundu ni kubwa. Yasipotoka kabisa, kitoto kinachoka kabla hakijashiba na unadhani kimekataa. Usiminye chupa, mwache avute mwenyewe. Maziwa yakitoka puani, acha hapo hapo, inamisha kichwa, futa, na chupa inayofuata tumia chuchu yenye tundu dogo zaidi.

Maziwa ya ng'ombe: protini yake ni kama nusu ya iliyomo kwenye maziwa ya paka. Ili apate nguvu anayohitaji atakunywa mengi, laktosi (sukari ya maziwa) itazidi, ataharisha, na kwa kitoto cha gramu 164 kuharisha siku moja ni hatari. Ya mbuzi hayako mbali na hayo. Nunua unga mapema kabla huu haujaisha.

#10 Mzee wa Mizani
Na kiasi. Kwa siku, takriban mililita 20 kwa kila gramu 100. Tumbo kwa mlo mmoja linabeba kama mililita 4 kwa kila gramu 100. Wa 164 anahitaji kama 33 kwa siku, tumbo lake kama 6.5. Gawa mara 6, kila saa 4, mililita 5.5 kila mara. Wa 212 anahitaji 42, mara 6, mililita 7. Huyo mdogo, ukimpa 3 kila saa 3, anapata 24 kwa siku. Si mgonjwa huyo, ana njaa. Panda taratibu kwa siku mbili, usimrukishe kwa mkupuo.

Maziwa yawe na joto la nyuzi 37 au 38. Na kabla ya yote mguse mdomoni kwa kidole: ndani ya mdomo ukiwa wa baridi, usilishe. Kitoto kikiwa chini ya nyuzi 35 utumbo umesimama, maziwa yanakaa na kuchacha. Mpashe joto kwanza, polepole, saa moja hadi tatu, kifuani kwako au kwenye taulo lenye chupa ya uvuguvugu. Akiwa mlegevu, matone mawili matatu ya maji ya sukari kwenye fizi wakati anapata joto, na uwe njiani kwa daktari.

#11 Usiku Mwingi
Naongezea ya boksi: joto liwe upande mmoja tu. Wiki ya kwanza nyuzi 29 hadi 32, ya pili 27 hadi 29, kisha unashusha. Akipata moto ajisogeze upande wa pili. Wakirundikana na kulia wanaona baridi. Wakijitawanya wakihema mdomo wazi wamezidiwa na joto.

#12 KonaYaJua
Turudi kwenye swali la tabia, maana ndilo lililotuleta. Kwa maoni yangu ukali wa paka wa chupa hautokani na kushikwa sana wala kidogo. Unatokana na *kutokatazwa*. Mama paka kuanzia wiki ya 4 anaanza kuwakimbia watoto: anasimama katikati ya kunyonyesha, analalia chuchu zake wasizifikie, anapanda juu ya kitu wasikofika. Kila siku mtoto anakosa kidogo na kugundua kwamba kukosa hakuui. Mtoto wa chupa akilia, chupa inakuja. Akiparua mkono, chupa inakuja haraka zaidi. Wiki ya 8 anakutana na "hapana" ya kwanza maishani mwake, naye ana meno tayari.

Kwa hiyo wiki ya 4 anza kumfundisha kungoja. Chupa ionekane, asipewe mpaka miguu ya mbele imetulia. Mara ya kwanza sekunde mbili. Kesho tatu. Akiparua, chupa inarudi nyuma ya mgongo wako bila kelele.

#13 Sharubu
KonaYaJua, nadharia nzuri, ila inasahau ndugu. Kitoto kinajifunza nguvu ya meno yake kwa ndugu. Anang'ata, ndugu analia na kuacha kucheza, mchezo umekwisha. Mara mia kwa siku. Kati ya wiki ya 4 na ya 12 hakuna binadamu anayeweza kufundisha hilo kwa kasi hiyo. Angalia kesi zinazoletwa humu: wanaong'ata ni wale waliolelewa *mmoja mmoja*. Waliolelewa wawili au watatu, hata kwa chupa, huwa wa kawaida. Yatima akiwa peke yake, mtafutie yatima mwenzake wa umri ule, baada ya wiki mbili za kumtenga kwa ajili ya magonjwa.

#14 Makucha
Sharubu, ingekuwa hivyo tu, jaribio la Seitz la mwaka 1959 lisingetoka vile lilivyotoka. Alilinganisha vitoto vilivyotenganishwa na mama wiki ya 2, ya 6 na ya 12. Wa wiki ya 2 ndio waliokuwa waoga zaidi, wakali zaidi na wagumu kufundishika. Kilichobadilishwa pale ni umri wa kumkosa mama. Mama ana kitu ambacho ndugu hawana. Na utafiti wa Helsinki wa mwaka 2017, uliokusanya majibu ya wenye paka zaidi ya 5,700, unaelekea huko huko: walioachishwa kabla ya wiki ya 8 walielekea zaidi kwenye ukali.

#15 KonaYaJua
Wa Helsinki haukuwalenga yatima, ulihusu umri wa kuachishwa. Na mama akiondoka wiki ya 2, yule mkataaji wa wiki ya 4 ameondoka naye. Umenisaidia mimi.

#16 Tabibu wa Mikia
Wote mnazungumzia malezi. Baba mmemsahau. Sandra McCune, mwaka 1995, alilinganisha watoto wa madume wapole na watoto wa madume wasio wapole. Wa baba mpole walikuwa wepesi zaidi kukisogelea kitu kigeni, na baba hakuwalea. Ni damu. Sasa jiulize yatima wengi wanatoka wapi: kwa paka wa mtaani ambao wameishi kwa kumkwepa mtu, na mara nyingi mama alikula vibaya akiwa na mimba. Unalaumu chupa kwa kitu kilichoandikwa kabla ya chupa.

#17 Bi Mkunga
Tabibu, la baba nalikubali. Lakini katika kazi hiyo hiyo ya McCune, walioshikwa kati ya wiki ya 2 na ya 12 walikuwa rafiki zaidi kwa watu kuliko wasioshikwa. Damu inampa kianzio, mikono inamsogeza.

Na "mikono" iwe wingi. Collard, mwaka 1967, aligawa vitoto: wengine walishikwa na mtu mmoja, wengine na watu watano. Wa watu watano hawakuwaogopa wageni sana. Wa mtu mmoja walimganda yule mmoja. Nadhani hapo ndipo kauli zote mbili za mleta uzi zinapozaliwa: paka yuleyule ni malaika kwa aliyemlea na chui kwa anayegonga mlango.

#18 KapuLaPamba
Asanteni sana. Bi Mkunga, sasa nifanyeje hasa, kwa dakika na kwa siku? Na jambo lingine: mdogo ana manyoya yaliyolowa karibu na mkia na ngozi imekuwa nyekundu. Nimemfuta vizuri baada ya kila mlo.

#19 Tabibu wa Mikia
Huyo ananyonywa na ndugu zake. Ni la yatima hasa: hamu ya kunyonya haiishi kwenye chupa, basi wanakamata sehemu za siri, kitovu, hata masikio. Mdogo ndiye huumia kila mara. Angalia leo hii: kukiwa na uvimbe, ukoko, au ukimchochea kwa pamba ili akojoe mkojo hautoki, njia inaziba na hiyo ni dharura, usingoje kesho.

Kama ni wekundu tu, watenganishe kati ya milo. Na unapomchochea, pamba iwe imelowa maji ya uvuguvugu, gusa kwa kudondoa, usisugue. Mkojo uwe wa rangi hafifu. Ukikolea, maji mwilini yamepungua. Kuvuta ngozi ya shingo ili kujua kama amekaukiwa hakuaminiki kwa vitoto, ufuate mkojo na unyevu wa fizi. Baada ya wiki ya 3 watajimalizia wenyewe.

#20 Sharubu
Subiri Tabibu. Ukiwatenganisha siku nzima, unawanyima kile kile nilichoandika #13.

#21 Tabibu wa Mikia
Na nisipowatenganisha, mmoja anaziba njia ya mkojo. Kati ya tabia na kibofu nachagua kibofu.

#22 Fundi Kisanduku
Mnagombana bure, kuna kizingiti. Wavu wa plastiki laini katikati ya boksi, matundu madogo kuliko kichwa, ukingo umefunikwa kitambaa usimkwaruze mtu. Wanasikia harufu, wanasikiana, wanalala wameegemeana kupitia wavu, ila mdomo haufiki. Kila upande uwe na joto lake na mdoli wa kitambaa wa kukumbatia. Baada ya chupa, wakiwa wameshiba, toa wavu dakika 10 mbele ya macho yako. Akianza kutafuta tumbo la mwenzake, rudisha. Wengi huacha wakishaanza kula chakula kigumu, hapo unautoa kabisa.

#23 Sharubu
Hilo nalipokea. Kuanzia wiki ya 4 ziwe ndefu kuliko dakika 10 lakini.

#24 Usiku Mwingi
Au tafuteni paka jike anayenyonyesha. Ndiyo suluhisho la mama, la ndugu na la kukatazwa kwa mpigo. Wasugue yatima kwa kitambaa cha kiota chake, waingize akiwa amelala na watoto wake, kaa karibu. Majike wengi hupokea wakiwa umri unakaribiana. Wapimwe kwanza virusi vya lukemia ya paka na viroboto viondolewe: mwogeshe kwa sabuni laini ya vyombo, kaushe haraka, pitisha kitana. Dawa za mbwa zenye pemetrini ni sumu kwa paka, msizisogeze.

#25 Bi Mkunga
KapuLaPamba, hii hapa. Nawa mikono kabla na baada, kwa sababu ya magonjwa na kwa sababu ya choa.

Mpaka siku ya 14: dakika 3 hadi 5 baada ya kila mlo, ndani ya kitambaa. Kiganja kimoja chini ya kifua, kingine kinabeba makalio. Asining'inie. Pitisha kidole kwenye nyayo, masikio, mdomo. Zungumza kwa sauti ya chini hata kama hasikii vizuri. Anasikia mtikisiko wa kifua chako.

Wiki ya 3: jumla dakika 40 kwa siku, zigawe mara nne au tano. Karsh aliona dakika 40 zinazidi 15 kwa wazi. Hapo ndipo waanze kuja watu wengine: mwanamume mwenye sauti nzito, mtoto aliyekaa sakafuni, mtu mwenye miwani au kofia. Mmoja kwa siku anatosha. Mgeni anyooshe mkono usawa wa sakafu, asimfuate. Kitoto kikitoa "khhh" na kutunisha manyoya, mgeni akae pale pale bila kusogea mpaka kitulie, ndipo aondoke. Akiondoka kwenye "khhh", kitoto kimejifunza kwamba "khhh" hufukuza watu.

Wiki ya 4: sakafu tofauti tofauti, redio ya chini, kapu la safari likiwa wazi na blanketi ndani. Chombo cha choo chenye kingo fupi, na mchanga usiogandamana, maana wanaula. Akianza kutafuna chuchu badala ya kuivuta, mlete kwenye sahani: chakula laini kilichokorogwa na maziwa yake. Kanuni ya KonaYaJua ya kungoja ianzie hapa, iwe ni nadharia sahihi au siyo. Haidhuru mtu.

#26 Makucha
Na mkono usiwe mdoli. Hili nadhani ndilo chanzo cha nusu ya kesi, halihitaji mtafiti. Wiki ya 3 vidole vikitikisika chini ya blanketi ni vichekesho, meno ndiyo kwanza yanachomoza. Wiki ya 10 yuleyule anaruka kwenye kifundo cha mguu. Fimbo yenye kamba na unyoya, basi. Akikukamata, *usivute* mkono: kinachokimbia ni windo. Uache ulegee kabisa, akiachia, simama uondoke nusu dakika. Usimpige kidole cha pua.

#27 KonaYaJua
Makucha, umetoka "kushikwa sana" #3 umefika "kushikwa vibaya" #26. Karibu.

#28 Makucha
Nakubali #3 ilikuwa ya haraka. Lakini kwa mama bado nipo.

#29 NyauNyau
Samahani kwa kutoka nje ya mada: mleta uzi, ni majike au madume? Rangi gani?

#30 KapuLaPamba
Wawili wa rangi ya chungwa, mdogo ana rangi tatu. Jinsia sijaweza kujua.

#31 Tabibu wa Mikia
Wa rangi tatu ni jike karibu daima: jeni ya rangi ya chungwa iko kwenye kromosomu ya X, na ili apate chungwa na nyeusi pamoja anahitaji X mbili. Wa chungwa mara nyingi ni madume, ila hakikisha: inua mkia, jike matundu mawili yanakaribiana, la chini kama mstari mfupi. Dume yameachana, la chini ni duara.

Ulimwangalia mdogo?

#32 KapuLaPamba
Nimemwangalia. Wekundu upo, uvimbe hakuna, mkojo umetoka bila shida na ni wa rangi hafifu. Wavu wa Fundi umeshawekwa. Saa 4 usiku amekunywa mililita 5, akacheua, akabaki kwenye kiganja akikoroma kwa sauti ndogo kama saa ya mkononi, makucha yakifunga na kufunguka kwenye kitambaa. Dakika nne, nikamrudisha kwenye joto. Mizani kesho asubuhi.

#33 Mzee wa Mizani
Kabla ya chupa.